Saa Tano Usiku Yuko Hewani na Nani?

Nimerudi kutoka likizo nyumbani Bukoba, na safari hii nimekuletea kisa cha mapenzi ambacho ndani yake hakuna hata busu moja. Kuna ngozi ya ng'ombe, kuna simu, na kuna ndoa ya miaka sita iliyotikisika kwa sababu ya ukingo. Ndiyo, ukingo. Subiri, tutafika.

Shosti yangu mmoja anaishi Miembeni, pale pale mjini, na anafanya kazi benki. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa na kazi nzuri tu kwenye mradi wa afya. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada ya nje, mradi ukafungwa, jamaa akarudi nyumbani na boksi moja la vitu vya mezani. Najua wako wasomaji wangu wanaolijua hilo boksi. Alituma maombi ya kazi mpaka akachoka. Siku moja akaukarabati mkanda wake uliokatika, ukampendeza, akatengeneza mwingine wa kaka yake, na kabla ya mwezi kwisha chumba cha nyuma kilikuwa kinanuka gundi.

Mikanda ikazaa pochi, pochi zikazaa oda. Hoteli moja ya mjini ikataka majalada 25 ya menyu, ya ngozi, yenye nembo. Shilingi 30,000 kila moja, na advansi ya 300,000 mkononi. Jamaa akanunua ngozi, akakata, akashona vizuri kabisa. Tatizo likaja kwenye ukingo. Ukitazama mkanda wa gharama utaona pembeni panang'aa kama mfupa uliopigwa msasa. Yeye alisugua kwa maji, akasugua kwa nta, akasugua mpaka kiganja kikatoa malengelenge, na ukingo ukabaki na manyoya kama mdomo wa mbuzi. Wiki mbili za kukabidhi kazi, na advansi ilishaliwa.

Sasa turudi kwa shosti. Yeye anachokiona ni mume aliyeacha kuja kulala. Saa tano usiku mwanga wa simu uko chumba cha nyuma. Saa sita bado. Akiuliza, anajibiwa, "Kazi tu, poa." Basi siku moja akafanya lile ambalo kwenye safu hii nimeshawakataza mara mia: akaishika simu. Na akakuta namba ya Kenya, picha ya mwanamke, na maneno haya: "Nitumie picha nyingine, kwa karibu, kwenye mwanga." Chini yake: "Pazuri, ila umevuta sana." Kisha: "Punguza kidogo halafu ukunje."

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye kikao cha wahariri. Alikuwa analia kiasi kwamba nilitoka nje.

Kumbe, mpenzi msomaji, jamaa alikuwa ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wa ngozi. Wamo wa Mwanza, Arusha, Dar, Songea, wamo wa Nairobi, na Wabongo wachache waliotapakaa ughaibuni. Huyo dada mwenye picha ni fundi wa mikoba soko la Kariokor, Nairobi. (Jina hilo na la Kariakoo yetu ni ndugu: yote yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.) Picha zilizotakiwa kwa karibu ni za mshono. Kilichovutwa sana ni uzi.

Ungedhani hapo shosti angecheka, mambo yakaisha. Hakucheka. Na nilipofika Miembeni mwezi Desemba na kukaa naye barazani ndipo nikaelewa kwa nini.

"Mwanamke nimeshaelewa si wa hivyo," akaniambia. "Lakini miezi yote hiyo mimi namuuliza kazi inaendaje, ananijibu poa. Kumbe watu asiowajua sura wanaambiwa kila kitu. Wanajua ngozi imemshinda. Wanajua mpaka advansi imekwisha. Mimi mke wake nimeyajulia kwenye simu."

Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililouma kuliko hawara yeyote. Neno "sijui" lilitoka ndani ya nyumba likaenda kutamkwa nje.

Nikamfuata shemeji kwenye karakana yake. Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa neno nshomile, yaani msomi anayejisikia, na nilitaka kumtania kidogo kwamba nshomile leo anauliza. Hakuwa na hamu ya utani. "Shem," akasema, "sasa hivi kodi ya nyumba analipa mkeo wa benki." Hivyo ndivyo anavyomwita mbele yangu. "Nikimwambia na hii ya ngozi sijui, nani atalala usingizi humu ndani? Wale wa kwenye simu wakijua nimekwama, hawapotezi kitu."

Hoja yake niliielewa. Sikuikubali. Mke anayelipa kodi peke yake tayari halali, na afadhali akose usingizi kwa jambo analolijua.

Lakini acha nikwambie jinsi alivyosaidiwa, maana hapo pana elimu. Mara ya kwanza aliandika hivi kundini: "Wakuu, ngozi inanisumbua, nisaidieni." Siku mbili, kimya. Akanuna, akasema mafundi wana roho mbaya. Fundi mmoja wa Mwanza ndiye aliyemwandikia pembeni: inakusumbuaje, umeinunua wapi, umeshajaribu nini, picha iko wapi? Mwaka 2001 Mmarekani Eric Raymond, mtu wa kompyuta, aliandika mwongozo mzima wa namna ya kuuliza maswali ukasaidiwa, na kiini chake ni hicho hicho: onyesha ulichojaribu, eleza kwa usahihi, usimbebeshe mwenzio kazi ya kukisia. Mtu anaposema "nisaidieni" bila kueleza, anakuwa ameomba kubebwa. Wengi wetu hata kwa wapenzi wetu tunauliza hivyo. "Hunijali." Haya, ajali nini sasa, wapi?

Shemeji akapiga picha. Fundi wa Mwanza akamjibu kwa mstari mmoja: "Kata kipande, tazama katikati." Akakata. Juu kahawia, chini kahawia, katikati rangi ya buluu iliyopauka, kama anga ya masika. "Hiyo ni ya kromu, kaka. Utasugua mpaka Pasaka."

Ngozi zinalainishwa kwa njia mbili kubwa. Ya kale ni ya magome ya miti, ambayo huchukua wiki kadhaa na kutoa ngozi ngumu inayokubali kusuguliwa ukingo ukang'aa. Ya pili ni ya chumvi za kromu, iliyoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, ya haraka, ngozi inatoka laini na haiogopi maji sana, na ndiyo iliyojaa madukani duniani kote. Nzuri kwa mkoba na kiatu. Ukingo wake lakini hausuguliki. Mara nyingi ukiikata utaona ubuluu ule katikati, isipokuwa rangi iwe imepenya yote. Basi. Malengelenge ya wiki nzima yalihitaji sentensi moja ya mtu anayejua.

Kinachokera ni kwamba dawa ya magome tunayo. Njombe kuna kampuni ya Tanganyika Wattle, tangu 1949, inayosindika magome ya miwati, na mafundi wa ngozi duniani wanaijua dawa hiyo kwa jina la mimosa. Ng'ombe tunao zaidi ya milioni 30. Kagera yenyewe ina ranchi za taifa, Missenyi, Kagoma na nyinginezo, na wale ng'ombe wa Ankole wenye pembe za kutisha. Mwanza ipo kampasi ya DIT inayofundisha teknolojia ya ngozi. Na bado kijana wa Miembeni anahangaika kupata kipande kizuri kisicho na chapa ya moto katikati au kovu la kisu cha mchunaji. Sitaki kuingia huko leo, nitakasirika bure.

Dada wa Kariokor ndiye aliyeleta njia ya kutokea: kama ukingo haung'ai, ufiche. Punguza unene pembeni kwa kisu, paka gundi, kunja kwa ndani, gonga, halafu shona. Shemeji alijaribu mara nne, kila pembe ikatoka na uvimbe.

Na hapa ndipo ukimya wake ulipomgharimu. Mama yake shosti alikuwa fundi cherehani Kashai. Huyu binti amekua akikata vitambaa sakafuni, akipinda mapindo ya sare za shule tangu darasa la nne. Usiku ule wa ugomvi wa simu, baada ya kelele zote, shemeji alimwonyesha kile kipande kama ushahidi kwamba hana hawara. Shosti akakitazama akiwa bado na machozi. "Si pindo hili?" akasema. "Mbona kwenye kona hujapunguza nyama?" Akachukua mkasi, akakata kona mshazari, akakunja upande huu, kisha ule, kona ikalala. Mwalimu alikuwa chumba cha pili.

Majalada yalikabidhiwa siku nne baada ya ahadi, na hoteli ikakata kidogo kwenye malipo. Haki yao. Ila kila jalada lilishonwa kwa mkono, sindano mbili kwenye uzi mmoja, kila tundu likipitiwa pande zote mbili, kwamba hata mshono mmoja ukikatika jirani zake wanashika. Cherehani haiwezi hivyo. Shemeji alijifunza hilo nalo kwa picha za mtu wa mbali. Si jambo geni, tena: Mmarekani Al Stohlman alitoa kitabu kizima cha kushona ngozi kwa mkono mwaka 1977, na watu ambao hakuwahi kuonana nao wamejifunzia humo.

Nikabaki na swali moja. Huyu fundi wa Mwanza anapata nini? Nikaomba namba, nikampigia. Ni mtu wa makamo, sauti ya taratibu, muuza makubazi. Akaniambia mkewe aliwahi kumuuliza swali lile lile, kwa ukali zaidi: ushauri wako unanunua unga kilo ngapi? Alikuwa akijibu watu mezani, chakula kikipoa. Tena kijana mmoja aliyemfundisha bure alichukua mtindo wake wa makubazi, akaushusha bei, akawa anauza mtaa wa pili.

"Uliumia?" nikamuuliza.

"Niliumia sana dada. Nilitoka kundini mwezi mzima."

"Ukarudi kwa nini?"

Akacheka kidogo. "Mimi nilijifunza kwa kufagia banda la mtu miezi minne kabla ya kushika kisu. Sioni kwa nini mwingine naye afagie." Halafu akanieleza utaratibu aliokubaliana na mkewe. Baada ya chakula cha jioni simu haishikwi. Anajibu maswali saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kufungua banda, nusu saa, basi. Kushona, kukata, kutambua ngozi, hayo anafundisha yeyote. Ramani zake za kukatia anauza, na anayetaka bure anaambiwa hapana bila kuzungushwa.

Nimewaambia wanandoa kadhaa habari ya huyu baba tangu nirudi. Sote tuna mtu wa kusaidia kila mtu humo ndani, yule wa michango, wa ushauri, wa "nakuja mara moja." Watu wa nje humwita mkarimu, na mkewe au mumewe anakula peke yake. Huyu hakuacha kusaidia. Alikaa chini na mwenye kuathirika, wakapanga saa na mipaka. Unajua ni wangapi wanaofanya hivyo? Mimi nawajua wawili, na mmoja ni huyo.

Shemeji alitaka kumlipa. Mzee akakataa pesa, akasema kama yuko Bukoba na ni Desemba, anajua cha kutuma. Senene! Shosti mwenyewe ndiye aliyewanyonyoa na kuwakaanga, akafunga ndoo ndogo, ikapakiwa kwenye basi la Mwanza. Siku hizi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, basi halikai foleni ya kivuko, kwa hiyo ndoo ilifika wakiwa bado wakavu. Nyingine iko njiani kwenda Nairobi, ingawa dada wa Kariokor ameshasema panzi hali. Atajua mwenyewe.

Usiku wangu wa mwisho pale tulikaa wote watatu karakana, mimi nikinywa chai, wao wakikata mikanda. Simu ikalia. Kijana wa Songea, mgeni kundini: amesugua ukingo siku tatu, haung'ai, na picha ameweka. Shemeji alikuwa na gundi mikononi.

"Soma tena," akamwambia mkewe.

Shosti akasoma. Kisha hakungoja, akaanza kuandika mwenyewe kwa simu ya mumewe, akitamka kwa sauti: "Kata kipande, kaka. Tazama katikati."