Mwanafunzi na Hati za Mgonjwa

Zamani katika visiwa vyetu, aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mtumishi wa mtaa mzima. Aliwasomea wazee barua zao, akawaandikia majibu, na siri alizozikuta humo hakuzitoa nje. Leo kazi hiyo imerudi kwa sura nyingine. Mgonjwa wa Amani, mjini Unguja, anayeomba matibabu katika hospitali ya mbali, iwe Dar es Salaam au India, aghalabu hutakiwa kupeleka majibu ya maabara na picha za eksrei kwa njia ya intaneti. Bibi asiyezoea mambo hayo humwita mjukuu wake aliye sekondari. Naonelea kwamba kazi hii yafaa ifundishwe shuleni, kwa kuwa ni kazi ya sayansi, na kosa lake laweza kumdhuru mtu.

Tuanze na tarakimu. Karatasi inasema sukari ya damu ni 7. Saba nini? Maabara moja hupima kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Kwa sukari, 7 ya kizio cha kwanza ni sawa na 126 ya kizio cha pili. Mwanafunzi akiipiga picha karatasi hiyo na kuukata ukingo wenye kizio, jina au tarehe, atakuwa amepeleka tarakimu isiyo na maana. Daktari hatajua ni ya nani, ya lini, wala ya kiasi gani.

Pili, ni suala la picha yenyewe. Karatasi ya ukubwa wa A4, ikisomwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hutoa nukta 2,480 kwa 3,508, yaani zaidi ya milioni 8. Picha ikipitishwa kwanza katika programu ya mazungumzo ya simu, kwa kawaida hupunguzwa, na nukta nyingi hutupwa. Herufi kubwa zitasomeka bado, lakini alama ndogo yaweza kupotea. Na dawa ya miligramu 1.5 ikikosa nukta yake ya desimali husomwa 15. Eksrei nayo ina taabu yake. Picha ya asili kutoka katika mashine yaweza kubeba viwango 4,096 vya weusi na weupe, hali picha ya kawaida ya JPEG hubeba 256 tu. Kwa hiyo, mgonjwa akipewa faili ya asili, ndiyo ipelekwe, wala isipigwe picha ya kioo cha kompyuta.

Tatu, na hili ni zito zaidi, ni siri. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo imeziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni pa kila duka la steshenari. Hati ikipakiwa kwa kompyuta ya duka, nakala yaweza kubaki humo. Ikipelekwa katika kundi la jamaa, haitarudi tena. Mjukuu sharti amwulize bibi yake kwanza ni karatasi zipi aziridhie kupelekwa, kisha azifute nakala zilizobaki.

Wapo watakaosema kwamba mitaala imekwisha kujaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini hapa hapahitajiki somo jipya. Mwalimu wa fizikia anafundisha vizio, wa hisabati desimali, wa biolojia damu, na wa uraia haki za mtu. Watunge pamoja karatasi moja ya maabara ya mgonjwa asiyekuwapo, wanafunzi waiandae na kuipeleka, kisha darasa likague kilichopotea njiani. Zoezi hilo huhitaji kipindi kimoja tu. Naye bibi anayemkabidhi mjukuu wake bahasha ya hospitali anastahili mwandishi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.