Mvua ya Mlimani, Maji ya Mlangoni

Mwezi huu tunaleta pendekezo: kabla mvua haijaanza, kila bloku iandae maonyesho yake madogo ya kujikinga na mafuriko. Mabadiliko ya tabianchi husemwa sana mikutanoni, lakini kwetu yanakuja kama maji mlangoni.

Tujifunze kwa majirani wa Busia na Tororo, mpakani, ambako baadhi ya familia zetu zilipita mwaka 2008 zikikimbia vurugu za uchaguzi Kenya, zikapokelewa Mulanda.

Upande wa Kenya kuna Budalangi, kaunti ya Busia. Hapo Mto Nzoia unaingia Ziwa Viktoria. Maji yake yanatoka mbali, milima ya Cherangani na Elgon, kwa hiyo Budalangi inaweza kushinda na jua na usiku mto ukafurika. Watu walijengewa matuta ya udongo kuuzuia, lakini yamebomoka zaidi ya mara moja. Mei 2020 ziwa lenyewe lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likipita rekodi ya mwaka 1964. Mto unashuka, ziwa limejaa, sasa maji yaende wapi?

Upande wa Uganda kuna Butaleja, wilaya iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 2005. Mto Manafwa unatoka Elgon na kupita kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka 2014 waliwekewa ving'ora vya nguvu ya jua, ili mto ukipanda watu wasikie mapema.

Kazi nzuri. Lakini jamani, king'ora kikilia na mgeni hajui maana yake, kimemsaidia nini? Hapa kwetu bloku moja ina lugha nyingi. Onyo lazima lifike nyumba ya mwisho, kwa lugha ya nyumba hiyo. Basi kwenye maonyesho tuweke vitu vinne:

1. Ramani. Ichoreni chini kwa majivu: mfereji, visima, vyoo, nyumba za bondeni na njia ya kupanda juu. Wazee waonyeshe maji yalifika wapi mvua iliyopita.

2. Orodha ya majirani. Nani atamwamsha bibi anayeishi peke yake? Nani atambeba asiyeweza kutembea? Andikeni majina, si "tutasaidiana" tu.

3. Mfuko wa haraka. Kadi ya chakula, karatasi za ukimbizi, vyeti vya watoto na dawa, vyote ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri. Mnajua wenyewe taabu ya kutafuta karatasi iliyopotea.

4. Sauti ya hatari. Filimbi au debe, mkubaliane ni mipigo mingapi. Watoto wafanye mazoezi mpaka wazoee.

Msisahau yanayofuata: vyoo vikifurika visima vinachafuka, na kipindupindu hakibishi hodi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Haya yote hayangoji mfadhili. Majivu tunayo, debe tunalo, na majirani ndio sisi. Bloku itakayoanza itualike, tutakuja kuangalia na kuwaandikia wengine. Tukutane mwezi ujao, na muwe salama.