Njia imefungwa, hodi tupige wapi?

CHINI YA MWEMBE
Na Shabani Kasanda

Jumanne iliyopita katibu wa kikundi chetu cha warina asali alinijia na simu mkononi, kaishika kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa akisubiri ankara tangu Ijumaa. Ankara ilitumwa kwa baruapepe mara nne, na mara nne ilirudi na namba 550 na mstari mmoja wa Kiingereza: mtumaji amekataliwa.

"Mzee Kasanda, huyu mtu nimemkosea nini?"

Nikaikumbuka Kwihara, nje kidogo ya mji wetu wa Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta, alipofika Unyanyembe, huku kwetu, mwaka 1871 alikuta mfuko wa barua za mzee huyo, umeandikwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, wa kwenda Ujiji. Wapagazi wake walikuwa wamekaa Bagamoyo siku zipatazo mia, na hapa Tabora vita vikawakwamisha: Mtemi Mirambo wa Urambo kafunga njia. Stanley aliubeba mwenyewe kwa kuzungukia kusini, na ukamfikia Livingstone Novemba 1871. Mwaka mzima.

Kwa maelezo ya Stanley, kabla ya vita Mirambo alitoza msafara mmoja hongo ya vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Akapokea, kisha akawarudisha walikotoka. Dhuluma, ndiyo. Lakini kila mpagazi alimjua aliyefunga, alijua makao yake, na alijua ugomvi umeanzia wapi. Ndiyo maana ulisuluhishika. Miaka michache baadaye alipatana na Waarabu wa Tabora, na mwaka 1876 yeye na Stanley, waliokuwa maadui vitani, wakachanjiana damu.

Wafungaji wa leo hawana Urambo. Ni mashine inayofunga usiku, sisi tukiwa tumelala.

Tusijifanye watakatifu lakini. Nilipomwuliza katibu neno la siri, akanitajia jina la kikundi na mwaka kilipoanzishwa. Tulipofungua folda ya barua zilizotumwa tukakuta mamia ya matangazo ya bahati nasibu, yote kwa jina letu. Mwizi kaingia ndani, na jirani, yaani mfumo unaopokea barua za mnunuzi, kafunga mlango wake. Jirani hakukosea. Katibu akanyamaza.

Tukaanza nyumbani. Neno la siri jipya, refu. Tukafukuza kila simu na kompyuta tusiyoitambua. Tukafuta amri iliyokuwa ikimpelekea mgeni nakala ya kila barua yetu. Atakayeomba kufunguliwa kabla ya hapo atafungiwa tena kesho yake, na safari ya pili hasikilizwi.

Ndipo tukaenda kupiga hodi. Kanuni za kimataifa za baruapepe zinautaka kila mfumo unaopokea barua uwe na anwani iitwayo postmaster, yaani bwana posta, ili mwenye shida apate pa kuipeleka. Kwa kuwa anwani yetu ilikuwa kifungoni, tuliazima nyingine. Tukaeleza yaliyotokea na tuliyorekebisha, tukabandika ujumbe wa kosa mzima bila kupunguza herufi.

Siku ya nne njia ikafunguka. Jibu hatukupata, hata la neno moja.

Hapo ndipo ninapogombana nao. Kufunga ni haki ya mwenye mlango. Bila hivyo sote tungezama kwenye takataka. Lakini anayefunga aseme sababu kwa lugha ya mtu, na nyuma ya anwani ya bwana posta awepo bwana posta kweli. Ofisi zetu zenye mifumo yake zianze na hilo: zimtaje anayesoma malalamiko, na atajibu kwa siku ngapi.

Mnunuzi wetu alikwisha kuchukua asali kwingine. Mirambo angetudai baruti, na walau tungejua tunamlipa nani.