Ukiambiwa wastani, uliza pia upana

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Somo moja la takwimu ndilo sijasahau, maana linanisaidia kulipa keja.

Juzi beste yangu alikuwa anachagua kati ya kuuza dukani kwa kamisheni na kupeleka oda za chakula kwa pikipiki. Kote aliambiwa wastani ni Sh1,000 kwa siku. "Si ni sawa tu?" Zii, sio sawa.

Tuseme ukichora mapato ya siku nyingi unapata umbo la kengele. Wastani ndio kilele chake. Ukiongezwa Sh200 kila siku, kengele nzima inasonga kulia, umbo ni lile lile. Mkengeuko sanifu ndio upana: ukiwa mdogo kengele inakonda na kurefuka, ukiwa mkubwa inatanuka na kulala.

Duka likiwa na mkengeuko wa Sh100, siku kama 95 kati ya 100 utapata kati ya Sh800 na Sh1,200. Pikipiki ikiwa na Sh400, ni kati ya Sh200 na Sh1,800. Kama unahitaji Sh600 kila siku, dukani uko sawa. Kwa pikipiki, siku kama 16 kati ya 100 utakopa.

Utasema siku nono zitafidia. Sawa, lakini landilodi atangoja? Mwenye akiba anaweza kumudu kengele pana. Sisi wa kuungaunga tukitajiwa wastani tuulize: siku mbaya huwa mbaya kiasi gani?