AFYA NYUMBANI: Mama Asiyeweza Kuzuia Mkojo

Mwezi huu twataka kunena jambo ambalo watu hulificha kwa haya, na kwa kufichwa huzidi kuwatesa wenyewe. Ni ugonjwa wa mama ambaye, baada ya kuzaa kwa taabu, mkojo humtoka mchana na usiku wala hawezi kuuzuia. Wengine hata choo kikubwa huwatoka vivyo hivyo. Madaktari huuita fistula.

Labda mmepata kumwona mmoja. Huketi peke yake nyuma ya nyumba. Haendi arusini wala matangani. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba alimkosea mumewe. Mume naye pengine amemrudisha kwao. Tena mara nyingi mtoto wa uzazi ule alikufa. Basi amepatwa na misiba miwili, na watu wamwongezea wa tatu.

Sikilizeni asili yake, mjue kwamba si uchawi wala uovu. Mtoto asipoweza kupita, kwa kuwa njia ya mifupa ya nyonga ni nyembamba au amelala vibaya tumboni, kichwa chake hukwama. Mbele yake kuna kibofu, nyuma yake utumbo wa choo. Kichwa huzigandamiza nyama hizo juu ya mfupa, saa kwa saa, hata damu isipite. Nyama isiyopata damu hufa, na baada ya siku chache hubanduka ikaacha tundu. Hapo ndipo mkojo hupita.

Tundu hilo laweza kushonwa. Mwaka 1959 Reginald Hamlin na mkewe Catherine, madaktari wa uzazi, walifika Addis Ababa, Ethiopia, wakawaonea huruma wanawake hao. Katika miaka ya 1970 wakawajengea hospitali yao wenyewe, na maelfu wametibiwa humo. Tanzania na Kenya pia wako madaktari waliojifunza kazi hiyo.

Basi yashikeni haya:

1. Mwenye uchungu asiachwe nyumbani. Muda wa saa 12 ukipita naye hajazaa, msingoje tena, tafuteni gari.

2. Msimwoze binti ambaye mwili wake haujakomaa.

3. Mkojo ukianza kuvuja baada ya kuzaa, mpelekeni hospitali upesi. Daktari atatia mpira katika kibofu, na tundu dogo lililo jipya pengine hujifunga lenyewe kwa majuma machache.

4. Mgonjwa asijinyime maji ili akauke. Mkojo mzito hunuka zaidi na kuchoma ngozi. Anywe maji mengi, aoge mara kwa mara, apake mafuta.

5. Aliyeshonwa akipata mimba tena, sharti azalie hospitali.

Wako pia watu ambao mkojo huwatoka kwa uzee, kwa kukohoa, au kwa ugonjwa wa sukari. Hao nao waende kwa daktari, maana kila sababu ina dawa yake.

Nanyi waalimu, msione haya kuwafundisha wazazi mambo haya. Na kila asomaye, kama yuko mama nyuma ya nyumba jirani, aende leo akaketi naye, amwambie kwamba ugonjwa wake una jina, na ya kuwa hospitali wanao uwezo wa kuutibu.