Mke wa Mtu Anakimbia Barabarani?

Daftari langu la hadithi linakatika katikati ya sentensi. Ukurasa unaofuata umejaa majina na fedha: nani ameahidi, nani amelipa, nani bado. Ni michango ya harusi yetu. Siku ya kikao cha kwanza, mwezi wa Julai, karatasi ilikosekana, nikachukua kilichokuwa karibu. Sikujua kwamba ningekaa miezi tisa bila kuandika hata aya moja.

Raba zangu nazo zilipatwa na hayohayo. Kabla ya hapo nilikuwa nakimbia mara tatu kwa wiki hapa Babati. Vikao, mafundisho ya ndoa, sendofu na safari za kwa fundi cherehani vikala muda wote. Tulifunga ndoa Januari, nikajiambia kwamba tukishatulia nitaendelea pale nilipoishia.

Mwezi wa Aprili nikavaa raba na kukimbia barabara ya Kondoa. Upande wa ziwani sithubutu kabla jua halijachomoza, maana saa hizo viboko wanarudi majini kutoka malishoni. Nilikimbia dakika moja, nikatembea mbili, pumzi ikinikatika. Kabla ya jioni habari ilikuwa imemfikia mama mkwe. Akanipigia simu kwa upole: "Mwanangu, sasa wewe ni mke wa mtu. Watu watasemaje wakikuona barabarani alfajiri?" Kwenye jumuiya mama mmoja akanitania: "Unakimbia nini, ndoa imeshakushinda?" Tulicheka wote, lakini neno lile nililala nalo.

Nikaamua kuendelea kimyakimya. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitoka bila kumwambia mume wangu, nikarudi nikakuta amekwenda kazini bila chai. Usiku niliketi na daftari hadi taa za majirani zote zimezimwa, naye akalala bila mtu wa kuzungumza naye. Siku moja akaniuliza, wala si kwa hasira: "Mke wangu, haya mambo yako ni siri?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nawalaumu watu kwa kuninyima muda, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nauiba nyumbani kwangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikaa tukazungumza. Nilimweleza kwamba nisipoandika nakuwa mkali kwa vitu vidogo, na kwamba nisipofanya mazoezi mgongo unaniuma baada ya kusimama darasani siku nzima. Naye akanieleza jambo ambalo sikuwa nimeliona: tangu Januari hajaenda mazoezi ya kwaya hata mara moja, kwa sababu alidhani mume mpya anatakiwa kushinda nyumbani. Kila mmoja alikuwa ameacha kitu chake, na hakuna aliyeombwa akiache.

Tukapanga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa natoka saa kumi na mbili alfajiri kwa dakika 50, na siku hizo chai anapika yeye. Hiyo inatimiza dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Jioni mbili za kwaya yake ndizo jioni zangu za kuandika. Jioni zinazobaki ni zetu. Ziko wiki mpango huu unavunjika, mgeni akija au mmoja wetu akiumwa. Tunaanza tena.

Wapo watakaosema kwamba ndoa ni sadaka, na aliyeolewa aache mambo ya usichana. Nakubali kwamba ndoa ni sadaka. Lakini sadaka hutolewa kwa hiari na mtu anayejua anatoa nini. Yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake ardhini hakutoa sadaka. Aliogopa. Wengi wetu tunafukia kwa kuogopa maneno ya jirani, kisha tunaiita hali hiyo utulivu wa ndoa.

Kanisa lina mfano bora kuliko wangu. Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia, alifunga ndoa na Pietro Molla Septemba 1955. Alikuwa mpenzi wa milima na wa kuteleza kwenye theluji. Baada ya ndoa aliendelea na udaktari wake huku akilea watoto, na barua alizomwandikia Pietro zinasomwa hadi leo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu Mei 16, 2004. Tunamkumbuka zaidi kwa namna alivyokufa mwaka 1962, baada ya kujifungua mtoto wake wa nne. Mimi siku hizi namtazama pia kwa namna alivyoishi siku za kawaida.

Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Sheria inamwondolea mwanamume aliyeoa karibuni vita na kazi za umma kwa mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Nilipomsomea mume wangu, alicheka sana. Lakini tazameni hekima yake: jamii nzima inatakiwa kuwapa wanandoa wapya nafasi. Sisi tunawapa michango, kisha maneno.

Ndugu waseminari, siku moja nanyi mtaketi na wachumba ofisini parokiani. Mtawauliza kuhusu ubatizo, mahari, watoto na fedha, na mtafanya vema. Ninaomba muongeze swali moja, mmoja akijibu mwenzake akisikiliza: Ni kitu gani unachokifanya sasa ambacho hutaki kife, na utakifanya saa ngapi? Sisi hatukuulizwa. Wachumba wakijibu hilo mapema, hawatahitaji kuibiana muda baadaye.

Nanyi wanaparokia wenzangu, Jumatano natoka tena. Mkinikuta barabara ya Kondoa nikihema, msimpigie simu mama mkwe. Nisalimieni tu, mwende zenu. Mwenye nyumba anajua niliko.