Tairi nalo huzeeka, hata likiwa na meno

Karibu kila mzazi aletaye mtoto kwangu husoma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla hajatoka chumbani. Ni vyema. Lakini hebu niambie, msomaji, matairi ya gari unalompakia mtoto huyo yalitengenezwa lini?

Juma lililopita nilimtoa nyuzi kichwani mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye tairi lake la nyuma lilipasuka karibu na Makindu, gari likabingirika. Alishangaa sana. Matairi yalikuwa na meno kama mapya, kwani gari hilo huenda kanisani Jumapili na siku nyingine zote hushinda juani.

Mpira huzeeka hata usipotumiwa. Hewa na joto huufanya mgumu, kisha ukapasukapasuka ubavuni mithili ya kisigino kikavu. Nyufa nyingine zimo ndani, huzioni. Ndipo siku moja unapakia jamaa wote, unashika barabara ya Mombasa saa nane mchana, na tabaka la juu linabambuka kutoka kwenye nyuzi za chuma.

Mnamo Septemba 2012, huko Surrey, Uingereza, basi liliacha barabara baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu 3 walikufa. Tairi lilikuwa na umri wa miaka 19, likilizidi basi lenyewe! Tangu Februari 2021, sheria ya huko inakataza matairi yaliyopita miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori. Nami ningependa wakaguzi wetu wasome tarehe, si kutazama meno pekee.

Kuisoma si kazi. Tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho zikiwa 2316, tairi ni la juma la 23 la mwaka 2016. Usipoziona, chungulia upande wa ndani. Likipita miaka 6, fundi alikague kila mwaka. Likitimiza 10, litoe, na la akiba vilevile. Gari lililotoka Japani likiwa na miaka 7 huenda lilikuja na matairi yake ya kale.

Ukishalitoa, likate kwa msumeno. Nimeyaona ya aina hiyo yakipakwa rangi nyeusi na kuuzwa tena kando ya barabara.